Mahindi hayana ndege: nilichojifunza kuhusu mshairi wa kweli hapa Dodoma

Mi naandika mashairi ya kuagizwa. Harusi, misiba, mahafali, uzinduzi wa mradi, siku ya wanawake, popote wanapotaka mtu wa kusimama na kughani naitwa, na ndo kazi inayonilipia kodi ya chumba hapa Chang'ombe. Sasa karibu kila nikishuka jukwaani kuna kijana atanifuata, kaka nifanyeje na mimi niwe mshairi wa kweli, na swali lile huwezi kulijibu mmesimama mlangoni watu wanapita na sahani za pilau. Nimeona jibu lake niliandike kwa kirefu, kama nilivyolipata mimi, na nililipata zaidi kwa watu kuliko vitabuni, japo vitabu nimesoma na nitavigusia.

Kwanza mjue mazingira yenyewe. Tangu lilipotoka lile tamko la 2016 serikali ihamie Dodoma kweli kweli, na 2018 mji ukatangazwa jiji, shughuli hapa zimekuwa haziishi, leo warsha kesho kongamano keshokutwa kikao cha wadau, wiki ya hiki siku ya kile, na kila ratiba lazima iwe na burudani. Nje wakina mama wanapiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, mgeni rasmi akishuka kwenye gari, ndani kuna kwaya au shairi. Shairi linapewa dakika tatu nne hivi, kati ya sala ya ufunguzi na risala. Siku moja kabla mtu wa itifaki anakutumia WhatsApp majina na vyeo vya kutajwa kwa mpangilio wake, pamoja na ujumbe wa siku, basi unakaa unapanga.

Kuna washairi wenzangu wanaona hii kazi inachafua sanaa, mi sikubaliani nao kabisa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, aliwahi kufanya kazi hapa hapa Mpwapwa, na ndo huyo huyo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, kule barabara ya Dar jirani na Mtumba ulipo Mji wa Serikali, huyo alifundisha, akawa karani na hakimu pia, na mashairi yake mengi aliyaandika kwa ajili ya kazi za nchi, na hakuna atakayesimama mbele yangu aniambie Mnyampala hakuwa mshairi. Kwa hiyo kuagizwa sio ugonjwa, mtu anaweza kukuagiza shairi na ukampa shairi, ugonjwa uko kwingine.

Niliuona siku moja kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Kulikuwa na mshairi mwingine, sauti anayo tena nzuri kupita yangu, akasimama akaghani beti zake kuhusu mgeni rasmi, jemedari, nguzo, taa ya taifa, ukumbi ukapiga makofi. Mwezi uliofuata tukakutana tena ukumbi mwingine, mgeni mwingine, wizara nyingine kabisa, akaghani beti zile zile. Kabadilisha jina tu. Na jina jipya lilikuwa na silabi mbili zaidi kwa hiyo kaondoa neno "huyu" ili mizani ikae. Makofi yakapigwa vile vile. Mi niliumia, na nimelifikiria sana jambo lile maana sio suala la uvivu peke yake, yaani yule mtu aliyeimbwa hakuwemo ndani ya shairi lile, sio wa kwanza wala wa pili, kulikuwa na kiti tu na yeyote angeweza kukikalia.

Tokea pale nikawa na kipimo changu. Nikimaliza shairi nachukua jina la mtu mwingine naliweka pale palipo na jina la mwenyewe nalisoma upya, likibaki zima sijaandika kitu, narudi chini. Jaribuni kwa Shaaban Robert, shairi alilomwandikia mkewe Amina alipofariki, uone kama unaweza kumtoa Amina umweke mwanamke mwingine yeyote. Huwezi. Watu wamelikariri shule miaka nenda rudi, wengine hawajui hata alikuwa na mke wa pili au watoto wangapi, lakini wanajua kabisa kwamba kuna mtu mmoja alikufa na mtu mmoja alibaki.

Sasa kumtia mtu kwenye shairi kunahitaji nini. Hapa ndo nimshukuru mzee mmoja, jina lake nalihifadhi maana hakupenda kutajwa tajwa. Mstaafu wa reli, kaishi Dodoma tangu enzi ambazo mashairi yalikuwa yanatumwa kwa posta kwenda gazetini na redioni, na mtu wa Tanga anamtupia fumbo mtu wa Dodoma, anasubiri majibu wiki nzima hadi gazeti lifike. Nilikuwa namwendea jioni, Shikamoo mzee, marahaba kijana, umekuja na nini? Nampa karatasi. Alikuwa hasomi kwa macho, ananirudishia, soma mwenyewe kwa sauti, na yeye kafumba macho kidole kiko juu ya meza. Nikifika kwenye neno fulani kidole kinagonga. Hapo. Hilo neno linafanya kazi gani hapo? Namwambia mzee linakamilisha mizani. Ananijibu sikuulizi linakamilisha nini, nakuuliza linafanya kazi gani.

Kwa wasiojua, shairi letu la kawaida lile la mistari minne, tarbia, kila mstari una mizani 16, nane upande huu nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho vifanane beti zima. Sheria hizi Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga vizuri kwenye kitabu chake cha 1954 na mpaka leo ndo msingi. Mtu akishazijua anaweza kukaa akaandika beti hamsini kwa siku na zote zikawa sawa kwa hesabu. Mzee alikuwa ananipa mfano huu:

Dodoma mji mzuri, mzuri kwa kweli sana

Hesabu kwa vidole. Nane, nane, haina kosa. Afu akaniambia nitafutie hapo Dodoma iko wapi. Haipo, weka Kigoma weka Songea weka popote penye silabi tatu. Na hilo "kwa kweli sana" limeingia kwa sababu mtunzi hakuwa na kitu cha kusema na nafasi ilikuwa wazi, na wasikilizaji wakizoea kusikia nafasi zinajazwa namna hiyo nao wanaacha kusikiliza, wanasubiri kina tu. Mistari kama ile kwake ilikuwa dhambi kubwa kuliko guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani, yaani bora shairi lipungue silabi moja kuliko neno liingie halina kazi. Nikamuuliza wewe ungeandikaje, akakaa muda mrefu, mpaka nikadhani kasinzia, afu akasema:

Vumbi la mwezi wa tisa, latangulia mgeni

Aliyewahi kukaa Dodoma mwezi wa tisa anajua. Mvua imekata tangu mwezi wa nne, upepo hauna adabu, na msafara ukija barabara ya vumbi unaliona vumbi kwanza, magari baadaye. Kwenye ule mstari hakuna sifa hata moja, wala mzuri wala mbaya, ila mji upo, wakati upo, mgeni yupo na hata watu waliopanga foleni kumsubiri wapo japo hawakutajwa. Mizani ni ile ile 16.

Nilichokichukua kwa mzee ni kwamba sheria za ushairi hazikuwekwa zikupe mahali pa kujificha. Ziliwekwa zikubane mpaka useme kile hasa ulichokiona, maana nafasi ni ndogo na huwezi kupoteza silabi. Mtu anayejaza nafasi anazitumia kinyume.

Ila jambo lililonigeuza kabisa lilitoka kwa mtoto wa darasa la sita, na hapa naomba mnivumilie nieleze yote.

Shule moja ya msingi nje ya mji waliniita niwasaidie kuandaa ngonjera ya siku ya wakulima, mada wamepewa: mtama na mahindi. Mada hii kwa Dodoma sio ya mchezo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na kwa wastani ni kama milimita 500 na kitu kwa mwaka, ikikatika mwezi wa pili mahindi yanakauka wima na mtama unavumilia. Ndo maana tangu enzi za babu zetu serikali zinapita zinasema limeni mtama limeni uwele, na watu wanalima kidogo afu wanarudi kwenye mahindi, na kila mwaka maafisa wanashangaa kwa nini.

Ngonjera nayo ina hesabu yake. Mnyampala ndo aliyeikuza ikawa kubwa nchi nzima, vitabu vyake viwili vya ngonjera vilitoka baada ya yeye kufariki 1969. Asili yake ni watu wawili wanapingana kwa beti, huyu anatoa hoja yule anajibu, mpaka mwisho wanaelewana. Nasisitiza wanapingana. Siku hizi ukienda shuleni unakuta watoto kumi wamepanga mstari, wa kwanza anasema mazingira tuyatunze wa pili anasema ndiyo mazingira tuyatunze, hakuna anayebisha, na yule mmoja aliyepewa upande wa kubisha kapewa maneno ya kipumbavu ili ashindwe haraka. Mi hilo linanikera sana, kwa sababu mtunzi akishampa mpinzani maneno dhaifu makusudi kamdanganya msikilizaji, na msikilizaji anajua, hata akiwa mtoto.

Basi pale shuleni walimu walikuwa tayari wana beti za upande wa mtama, zimejaa hoja zote, unastahimili ukame, una lishe, ni chakula cha asili. Upande wa mahindi walikuwa wameandika kitu kama mimi napenda mahindi kwa kuwa ni meupe. Nikawaambia walimu naomba niongee kwanza na mtoto aliyepewa mahindi. Wakamleta, binti mdogo mkimya anasimama kwa mguu mmoja. Nikamuuliza wewe mwenyewe nyumbani ungependa mlime nini, akasema mahindi. Kwa nini? Kimya. Nikamwambia sikuulizi ili nikukosoe, nataka kujua tu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mahindi hayana ndege."

Nilikaa kimya kidogo. Mwenye shamba la mtama anaelewa. Kweleakwelea ni ndege wadogo wa ukubwa wa shomoro, mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, wala sio kitu, ila hawaji mmoja, wanakuja kundi ukitazama juu utadhani ni moshi, na mtama punje yake iko wazi juu ya suke haina ganda la kuifunika kama muhindi. Serikali huwa inaleta ndege ya kunyunyizia dawa wakizidi. Kabla hawajazidi anayewafukuza ni nani? Baba yuko kwenye vibarua, mama yuko kwenye maji. Ni huyu. Anapelekwa shambani kabla jua halijatoka, anapanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anapiga kopo na kelele, anarusha udongo kwa teo, ndege wakishaondoka kidogo anakimbia shule, na jioni anarudi tena. Wiki kadhaa mpaka mtama ukomae. Maafisa wote wale wenye hoja za ukame na lishe hawakuwahi kumuuliza yeye.

Tukakaa chini ya mti tukaanza kuhesabu silabi kwa vidole, maneno yake mimi nayapanga tu, nikimpa neno ambalo sio lake ananiangalia hivi kama sijamwelewa nalitoa. Tulipata ubeti huu:

Mtama unao ndege, asubuhi naamka,
Nipige kopo, nipige, na sauti hukauka,
Mwalimu asinipige, saa mbili nikifika,
Mahindi hayana ndege, ndiyo ninayoyataka.

Fundi wa vina ataniambia pige na pige zimejirudia mstari wa pili na wa tatu, najua, ila ukisikiliza utaona anayepiga kopo na anayepigwa ni huyo huyo mtoto, na yeye mwenyewe ndo aliyeleta yale maneno mawili karibu. Nisingethubutu kuyatenganisha.

Shida ilikuja kwenye mstari wa tatu. Mwalimu mmoja akasema huu utolewe, mgeni rasmi anakuja, picha gani tunatoa. Tukabishana kwa heshima. Nilimwambia mwalimu, ukitoa huo mstari unabaki na mtoto anayependa mahindi bila sababu, na upande wako wa mtama hautakuwa umeshinda chochote. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, akamwita yule binti akamuuliza, ni kweli unachelewa kwa ajili ya ndege? Akajibu ndiyo mwalimu. Kina nani wengine? Akataja majina, mengi. Mwalimu mkuu akasema uachwe.

Siku yenyewe binti alisema ubeti wake hakutazama mtu. Nyuma kabisa walikokaa wazazi kukawa na ile sauti ya akina mama, eeeh, sio makofi, ni ile ya mtu kuguswa penyewe. Kijana wa upande wa mtama ikabidi tumtungie jibu jipya siku mbili kabla, maana zile hoja za lishe hazikuwa zinajibu ndege. Jibu lake likawa kuhusu kupanda pamoja kijiji kizima, mtama ukomae wakati mmoja ndege wagawane mashamba na walinzi wawe kwa zamu. Hoja ya kweli hiyo, wakulima wanaijua, ila isingetoka kama yule binti asingepewa nafasi ya kusema lake.

Ndo maana mtu akiniuliza mshairi wa kweli ni nani picha inayonijia ni yule mtoto. Vina nilimsaidia mimi. Kile ambacho siwezi kumsaidia mtu ni kwenda dungu saa kumi na moja alfajiri afu usidanganye kuhusu ulichokiona huko, hata mbele ya mgeni rasmi, hata mbele ya mwalimu.

Hapo hapo nitoe angalizo maana wapo wataochukua haya waende kuwavua watu nguo. Kuna familia ya Hombolo walifiwa na baba yao, mkulima wa zabibu, wakaniagiza shairi la kusoma wakati wa kuhitimisha msiba. Waliniandikia sifa: mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Nikawaomba tukae tuongee. Nikauliza ni kitu gani alikuwa anafanya kinawaudhi. Wakaangaliana, afu mtoto wa kike akacheka akasema baba alikuwa hakati zabibu mpaka mnunuzi aandike bei kwenye karatasi. Mnaojua zabibu za hapa mnajua tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zikiiva hazisubiri, mnunuzi asipokuja zinaanguka au unakamua mchuzi uuze kwa bei ya kutupa. Kuna msimu mzee aligoma, zikakauka juu ya mzabibu, ada za shule zikakosekana. Mama yao alikuwa bado anauma meno akikumbuka.

Ule ndo ulikuwa mwili wa shairi. Lakini kabla sijausoma hadharani nilimwendea mama peke yake, nikamsomea wote polepole, nikamwambia mama nikivuka mpaka niambie natoa. Nilipofika kwenye

Kichala hakukikata, bei isipoandikwa

akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema, "Ndiye huyo. Acha hivyo hivyo." Kuna beti moja alinambia hii hapana, hii ni ya ndani, nikaitoa bila kuuliza kwa nini. Ndugu mmoja wa marehemu hakufurahi siku ile, aliniambia wazi kwamba marehemu anasifiwa hasemwi, nikamwelewa, ila mwenye uchungu wa kwanza alikuwa ameshasema. Ukweli kwenye shairi una mwenyewe, na mshairi anaomba ruhusa kwake. Stara haiui shairi hata kidogo, nimeona mara nyingi sana ubeti ukitolewa kwa heshima zile zinazobaki zinapata nguvu.

Wagogo hili walilijua zamani kabla ya mizani kufika huku. Mnamkumbuka marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, zeze na marimba yake vilitoka hapa Ugogoni vikazunguka dunia. Ukienda vijijini leo Chamwino huko au Mvumi bado utakuta zile ngoma. Nilikaa siku moja na wakina mama wa muheme wakifanya mazoezi, nimefika tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi mbukwenyi, wakanipa kigoda. Bibi anayeongoza akaanzisha wimbo kuhusu kisima cha jirani kilichokauka, kwa Kigogo, anataja na jina la mwenye kisima. Mwenyewe alikuwa ndani ya kundi na ngoma yake katikati ya magoti. Akadakia bila kuacha kupiga, kwamba hakikukauka kimeharibika pampu! Bibi hakusimamisha wimbo, mzunguko uliofuata pampu imeshaingia kwenye wimbo na watu wote wanaitikia pampu. Nilipomuuliza baadaye bibi huwa mnatunga saa ngapi akaniambia, "Mjukuu wangu, mwenye jambo si yupo? Atasema mwenyewe nikikosea."

Mi nafikiri tulipohamia kwenye karatasi na kwenye kumbi hili tuliliacha njiani. Mtu unayemwimba hayupo, au yupo kwenye kiti kirefu mbele na hakuna namna ya kudakia. Kwa hiyo mshairi anasema lolote.

Na ule ugomvi wa mapokeo, yaani mashairi ya vina na mizani, na mashairi huru siuongelei sana, umeongelewa tangu miaka ya sabini Kezilahabi alipotoa diwani yake ya 1974 haina vina na wazee wakawaka moto. Mi ni mtu wa vina, ndivyo nilivyolelewa, sikio langu linadai kina kama kawaida. Ila nimesoma mashairi huru yaliyonifanya nisimame nitembee chumbani, na nimesikia tarbia zilizonyooka kama rula hazina mtu ndani. Anayejificha atajificha kwenye vina na atajificha kwenye kutokuwa na vina pia, ataandika ukungu na kivuli na kimya hujui ni kivuli cha nani.

Sasa kwa vijana mnaoniuliza. Msiniletee beti kuhusu taifa, wala mapenzi kwa ujumla, wala maisha ni safari. Njoo na ubeti mmoja kuhusu mtu mmoja unayemfahamu, na huyo mtu uje naye. Tutakaa wote watatu. Wengi wanapotea hapo, kuja na shairi ni rahisi, kuja na mwenyewe ndo kazi.

Kijana mmoja alikuja. Kamleta mama yake anayeuza mlenda mkavu soko la Majengo, ule wa kusaga unaopimwa kwa kopo. Kijana akasoma, mama anateseka na jua, jua linamchoma, jasho linamtoka, vina vimekaa vizuri. Mama kamsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza mama unasemaje. Akasema jua mbona nimelizoea mwanangu, ningekuwa nasumbuliwa na jua ningekuwa nimeacha zamani, mi kinachonisumbua ni upepo, nikifungua mfuko tu unga wa mlenda unapeperuka unaenda kwa jirani, nakaa nimeupa mgongo kutwa nzima mpaka kiuno kinauma. Kijana alikuwa hajui. Anaishi naye nyumba moja. Akachukua kalamu akafuta jua lote, akaanza upya pale pale, "Upepo ndiye adui," anahesabu kwa vidole, nane, mama anamwangalia, akamwambia eeh hapo sawa, mi narudi mezani kwangu. Kipande cha pili cha mstari bado anakitafuta, na nimemkatalia kumsaidia, nimemwambia aende akakae naye sokoni.